Glasi ya Mezani kwa Profesa

Nyumba ya Profesa, chumba cha nyuma
4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi sijambo, kwa maana kwamba natembea na ninaona. Goti la kushoto linagoma kwenye ngazi, lakini hilo ni la siku zote. Binamu yako mkubwa amepata mtoto mwingine, wamempa jina refu ambalo hata baba mtu analikosea. Paa la jikoni limezibwa, sasa linavuja mahali pengine.

Mkeo hajambo? Tangu mfunge ndoa nimekuuliza mara kadhaa anafanya kazi gani, nawe unanijibu kwamba ni mchapakazi. Sikuuliza kama ni mvivu. Nimeuliza kazi gani.

Haya, sasa jambo lenyewe. Ile kamati ya kuhifadhi nyumba ya marehemu babu yako imekuja hatimaye. Ilisema itafika saa nne, ikafika saa mbili, nikiwa bado na ufagio mkononi. Mwenyekiti wao ni mtu mrefu, msomi, anayeongea polepole ili kila mtu apate muda wa kuandika. Na Katibu unadhani ni nani? Ni Mashavu, yule mtoto niliyemfundisha darasa la tatu, aliyekuwa akificha pipi shavuni wakati wa hesabu. Sasa ana kipara na kalamu mbili mfukoni, lakini mashavu ni yaleyale.

Wamebandika namba kwenye kila kitu, hata kifuniko cha sufuria. Chumba cha kusomea cha Baba kitabaki kama alivyokiacha, na kila kilichokuwa mezani siku waliyokuja kimefunikwa kwa sanduku la kioo lililokazwa kwa skrubu. Mezani hapo walikuta kitu changu. Sitakitaja. Ni kile ulichonitengenezea kwa mikono yako, ukaapa hutamwambia mtu yeyote. Nakiona kila siku na siwezi kukigusa. Niambie nifanye nini kisiharibike.

Usinipigie simu. Sitapokea.

Ni mimi shangazi yako

~

21 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta mzima. Karakana ina kazi tele. Watu wa mji huu wanang'oka meno utafikiri wameambiana. Tumehamia nyumba yenye jiko kubwa, maana mke wangu anahitaji nafasi. Anaendelea vizuri na kazi yake, ahsante kwa kuuliza. Anakusalimu sana na anasema anatamani kukuona.

Shangazi, nimekutengenezea vitu viwili tu maishani. Cha kwanza ni kigoda, ambacho ulikikalia mara moja tukasikitika wote. Cha pili ni meno. Tafadhali niambie kwamba wamechukua kigoda.

Kama ni meno, mbona jambo ni rahisi? Nenda kwa Mashavu umwambie: meno haya ni yangu, naomba nirudishiwe. Ni maneno machache tu. Babu alikufa na meno yake yote kinywani, tukamzika nayo, mji mzima unajua. Meno ya bandia ya nini kwa mtu kama yule?

Ukishayapata, usiyaache makavu. Yakikauka yanapinda, yakipinda yanapasuka. Yawe majini kila wakati usipoyavaa. Hilo ndilo la msingi kuliko yote.

Na simu nilipiga mara tano. Ulikuwa wapi?

Mwanao

~

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani kwema, isipokuwa paka wa jirani amehamia kwetu na Mashavu amembandika namba.

Lile neno umeliandika mara sita katika ukurasa mmoja. Barua zangu huletwa na Mlinzi wa kamati, na Mlinzi ana tabia ya kuinua bahasha juani kabla ya kunipa, eti anaangalia kama stempu imeshika. Kuanzia leo andika "miwani".

Simu sikupokea kwa sababu bila miwani siwezi kuongea. Nikisema "sasa" inatoka "thatha". Nimejaribu peke yangu mbele ya kioo, nikajionea huruma, nikaacha.

Unasema jambo ni rahisi. Ngoja nikueleze urahisi wake. Asubuhi ile nilikuwa nafuta vumbi chumba cha kusomea. Nikifuta vumbi huwa naivua miwani, maana vumbi la vitabu linaingia chini yake na kusugua ufizi. Nikaitia kwenye glasi ya maji, nikaiweka mezani kwa Baba. Hodi ikapigwa. Nikachukua kitambaa nikaziba mdomo kama mwenye mafua, nikafungua. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, meza hii imewahi kuguswa?" Nami, mwanangu, nilikuwa nimeshawaandikia barua mbili kwa mkono wangu kwamba tangu Baba ainuke kwenye kiti kile hakuna mtu aliyegusa hata kalamu. Nilikuwa najivunia hilo. Nikatikisa kichwa kwamba haijaguswa. Ndipo nikaiona glasi.

Wao hawakushangaa. Unakumbuka babu yako alivyotulea: glasi dirishani, sahani juu ya kabati, karai uani, kila moja ina maji na hairuhusiwi kuguswa, na yeye anapita na rula kupima yamepungua kiasi gani. Ulikuwa huwezi kunywa maji katika nyumba hii bila kuuliza kwanza kama ni ya kunywa au ni utafiti. Kwa hiyo glasi mezani kwa Profesa ni jambo la kawaida. Kwamba ndani yake kuna miwani, Mwenyekiti aliona ni maendeleo ya utafiti.

Sasa niseme ni yangu? Nimwambie nani, Mashavu? Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mstarini kila Jumatatu, nikifungua kinywa mbele ya shule nzima: "Tazameni. Hakuna hata moja lililotoka. Kwa nini? Sijawahi kula pipi." Watoto wakipita mmojammoja kuhakikisha. Ilikuwa kweli wakati ule. Ufizi ndio ulionisaliti baadaye, si sukari, lakini nani atasikiliza? Pipi ya Mashavu niliitoa shavuni mwake kwa vidole vyangu, nikaikanyaga mbele ya darasa. Nilitumia kisigino.

Na lililo baya zaidi ni hili. Mwezi wa saba wanafungua nyumba kwa wageni. Mimi, binti yake ninayeishi humu, ndiye ninayetakiwa kusimama kuwakaribisha na kueleza habari za Baba. Nimekuwa na mafua tangu Februari. Mwenyekiti ameanza kuniangalia kwa upole, na upole wa msomi siupendi. Juzi alimwambia Mashavu nikiwa palepale, kana kwamba masikio nayo yametoka: "Mama amekwisha. Kuna nyumba ya wazee nzuri, ina bustani. Chumba chake tungekifanya cha kukatia tiketi." Nimezaliwa katika nyumba hii. Nisipoongea siku ile, nitatoka humu na sanduku langu.

Shangazi yako

~

2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Pole kwa mafua. Huku mvua imeanza, na baiskeli yangu imeibiwa kisha ikarudishwa na mwizi mwenyewe, akisema breki hazifanyi kazi.

Nimefikiria sana habari ya miwani yako, ya juu na ya chini. Nyingine naweza kutengeneza, lakini kwa kuangalia nini? Kalibu ya kwanza, lile umbo la plasta la kinywa chako, uliniamuru niivunje mbele ya macho yako, ukafagia vipande mwenyewe, ukavitupa mtoni. Bila kalibu lazima kinywa chako kiwepo hapa mbele yangu. Njoo. Siku mbili tatu tu, unaondoka unaongea kama zamani.

Utaniuliza kwa nini nisije mimi huko. Ningekuja, ila kwa sasa ni vigumu. Shule zinakaribia kufungwa na huo ndio msimu mkubwa wa mke wangu. Hawezi kubaki peke yake na kazi yote ile.

Mwanao

~

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na umshukuru Mungu kwa wezi waungwana.

Shule zikikaribia kufungwa ni msimu wa nani? Nimekaa na swali hilo jioni nzima. Si mwalimu, maana mwalimu msimu wake ni zikifunguliwa. Dereva? Fundi wa kushona sare? Usinifiche, mimi nimeishi na watoto mia nne kwa wakati mmoja.

Kuja siwezi. Kitanda changu wameshakipima kwa futi, wakapima na dirisha. Siku nitakayolala nje ya nyumba hii, nitarudi nikute dirisha la tiketi. Basi nabaki, nakunywa uji, nalowesha mkate, naitikia kwa kichwa.

Lakini yametokea makubwa na chanzo ni wewe. Uliniambia yasikauke. Sanduku lao lina vitundu juu vya kupitisha hewa, na mimi bado naruhusiwa kufuta vumbi asubuhi. Basi wakati Mlinzi anachemsha chai yake, naingiza mdomo wa kichupa cha dawa ya macho kwenye kitundu, nadondosha maji mpaka yafike pale yalipokuwa. Kila asubuhi. Nilijua natunza miwani yangu tu.

Kumbe Mwenyekiti ameona. Hakuniona mimi, ameona maji. Miaka yote hii tangu Profesa afariki, alisema, na glasi bado imejaa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini karai la uani lilikauka wiki ileile ya mazishi. Wameleta vijana wawili wa chuo kikuu wenye rula. Wanakuja, wanapiga magoti, wanapima, wanatazamana, wanaondoka kwa kunyata. Mmoja amekonda. Mwenyekiti ameandika makala ndefu kwamba babu yako, katika siku zake za mwisho, alivumbua maji yasiyopungua, na siri iko kwenye meno. Nimeliandika neno, basi, maana hapa linasemwa hadharani. Wanasema aliyatengeneza kwa kipimo cha kinywa chake mwenyewe, na kwamba taya dogo la Profesa ni dalili ya akili iliyojaa juu ikakosa nafasi chini.

Dogo kwa sababu ni langu.

Mwanangu, hili linaniuma kuliko uji. Baba alitumia maisha yake yote kuonyesha kwamba maji hupungua, na kwa kiasi gani, na kwa nini. Ndiyo kazi aliyotuacha nayo. Sasa wanampa sifa ya kinyume chake, na anayefanya hivyo ni mimi, kwa kichupa cha dawa ya macho. Nikiacha kuongeza maji, jina la Baba litapona na meno yatapasuka. Nikiendelea, meno yatapona. Kila asubuhi nasema leo naacha. Kisha nakumbuka dirisha la tiketi, nadondosha.

Shangazi yako

~

11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Usiache. Dondosha kama kawaida, nitakueleza.

Kwanza habari za nyumbani: tuko salama, baiskeli imeibiwa tena, safari hii moja kwa moja. Swali lako la msimu nimeliona.

Sasa sikiliza. Nimepokea barua yenye mhuri kutoka kwa kamati yenu. Wanatafuta fundi wa kutengeneza mfano kamili wa meno ya Profesa, seti ya pili, itakayozungushwa mashuleni kwenye sanduku ili watoto waone mfano mwema. Wameandikia mafundi wengi, wote wamedhani ni utani. Mimi nimejibu siku hiyohiyo, kwa heshima kubwa, kwamba itakuwa fahari ya maisha yangu. Sikusema mimi ni nani kwako. Na hapa naomba ruhusa ya kuandika meno bila kujificha, kwa kuwa sasa ni meno ya Profesa, na kuyaandika ni uzalendo.

Nimewaambia siwezi kufanya kwa picha, lazima nipate yenyewe. Wamekubali kuyaleta, ila wamesisitiza yasafiri ndani ya glasi yake na maji yake. Wakiniletea, Shangazi, nitachukua kalibu moja, na kalibu moja inatoa seti ngapi? Inatoa kadiri fundi anavyotaka. Wao nitawapa zao mbili, ya zamani na ya mfano. Ya tatu haijulikani na mtu.

Vumilia uji kidogo tu.

Mwanao

~

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii itakufikia pengine baada ya mgeni wako, lakini naandika kwa sababu lazima nimwambie mtu nilichokiona leo.

Mlinzi ameondoka asubuhi kuja kwako. Skrubu zilifunguliwa mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti alitoa hotuba. Glasi ikafunikwa kwa plastiki, ikafungwa kwa raba, akakabidhiwa aipakate mapajani njia nzima, asiiweke chini, asilale na asimwage. Mlinzi ni mtu wa mwili mkubwa. Alipanda basi mbele ya mlango wetu akitembea kama aliyebeba yai lake la kwanza. Abiria wa jirani alimuuliza ni ya nani, akajibu, "Ya taifa." Abiria akahama kiti.

Nilisimama mlangoni na kitambaa changu mdomoni. Nilitaka kucheka na nikashindwa kwa kuogopa kuonekana.

Mwenyekiti amenipa karatasi ya kusoma siku ya ufunguzi. Mstari wa kwanza unasema: "Baba yangu alivumbua maji yasiyopungua." Nimeiweka chini ya mto. Silali vizuri juu yake.

Mpe Mlinzi chakula cha kutosha. Na mwambie mkeo asijisumbue sana na kazi zake, zozote zile.

Shangazi yako

~

2 Julai

Shikamoo Shangazi,

Nampa Mlinzi barua hii mkononi, nimeifunga kwa gundi na nta ili asije akaangalia stempu.

Alifika amechoka, maji yamebaki nusu. Alikuwa analia. Niliijaza glasi bombani, nikamwambia hayo ndiyo maajabu yenyewe, akapiga magoti. Amekaa kwetu muda wote wa kazi na amekuwa kama ndugu. Amenenepa kidogo.

Anarudi na glasi mbili za kamati, na kopo moja la bati ambalo ni zawadi yako binafsi. Miwani yako iko chini kabisa ya kopo, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Nimeisugua mpaka nimeona uso wangu.

Vilivyo juu yake ni kazi ya mke wangu. Anavitengeneza mwenyewe, ana duka, watoto wanapanga foleni. Sasa umejua.

Mwanao, anayekuogopa

~

Nyumba ya Profesa
19 Julai

Mwanangu,

Kaa chini usome polepole.

Mlinzi alifika siku moja kabla ya ufunguzi. Glasi alizipeleka kwa Mwenyekiti, kopo akaniletea mimi, jepesi kuliko linavyopaswa kuwa. Akaniambia kwa aibu, "Mama, nimeonja kidogo njiani. Yule mkwe wenu ana mikono ya ajabu. Ila hiyo moja ya chini, yenye umbo la meno, ni ngumu, nimeitafuna ikanishinda." Nikaangalia. Karatasi ilikuwa imefunguka, na meno yangu yamelala katikati ya pipi, za rangi zote, yamegandamana nazo.

Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kiasi cha kutembea chumba kizima. Miaka thelathini ya mistari ya Jumatatu, halafu mtoto niliyemlea anaoa duka la pipi. Nikataka kukuandikia palepale. Kisha nikaona hasira yenyewe siwezi hata kuitamka, nikaketi kitandani, nikacheka mpaka nikalia. Nilikuwa nimekaa kimya miezi mitano. Sikujua kwamba upweke wenyewe ulikuwa huo.

Meno niliyaosha mara nne. Utamu haukutoka. Nikayavaa hivyohivyo.

Siku yenyewe ua ulijaa: kamati, vijana wa rula, wanafunzi wamepangwa mistari miwili. Nilipofungua kinywa na kusema "Karibuni sana, ndugu zangu", Mashavu aliangusha kalamu. Mwenyekiti akaniashiria karatasi. Nikaitoa, nikauona ule mstari wa kwanza, na kinywani nina ladha ya ndimu na sukari, na nyuma yangu dirishani ndipo Baba alipokuwa akipita na rula yake. Nikaikunja.

Nikasema, "Baba yangu alifanya kazi maisha yake yote kuonyesha kwamba maji hupungua. Alikuwa sahihi. Haya ya glasi hayapungui kwa sababu mimi huyaongeza kila asubuhi, kwa kichupa cha dawa ya macho." Nikakitoa mfukoni, nikawaonyesha.

Nikajua basi, sanduku langu liko wapi.

Mwenyekiti akavua miwani, miwani ya kweli, akafuta machozi. Akawageukia watu: "Mmesikia? Hayo ndiyo mapenzi ya binti. Elimu ya baba haikauki mradi kuna mtoto wa kuiongezea." Ua mzima ukapiga makofi. Nikasema hapana, nasema maji, maji haya. Wakapiga zaidi. Nikaona nimalize yote: "Na hayo meno ni yangu." Mwenyekiti akanishika mkono, sauti inamtetemeka: "Ni yako, Mama. Ni yetu sote." Kijana mmoja wa rula peke yake alinitazama kwa huzuni, akaandika kitu, akakifuta.

Palepale wakaamua. Chumba cha nyuma ni changu mpaka nife, na nimepewa cheo: Mwongeza Maji. Natakiwa kudondosha kila asubuhi saa tatu mbele ya wageni, kwa heshima. Kichupa kimebandikwa namba. Nimejitahidi kusema ukweli mbele ya watu mia, mwanangu, na nimeajiriwa kwa ajili hiyo. Ila makala mpya ya Mwenyekiti inasema maji huongezwa. Jina la Baba limepona kwa njia ya ajabu, lakini limepona.

Wageni walipoondoka, Mashavu alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni, kama alivyokuwa akisimama akichelewa.

"Mwalimu, yale ya kwenye glasi ni yako kweli?"

"Ni yangu."

"Na haya ya kinywani?"

"Haya pia."

Akafikiri. Akafunga kalamu zake zote mbili, akazirudisha mfukoni. "Basi naomba pipi yangu," akasema.

Nilivuta kopo chini ya kitanda, nikamwambia achague. Alichagua nyekundu, akaitia kwenye shavu lilelile la kushoto, akakaa kwenye kiti changu bila kuniomba ruhusa. Nikamwambia pole. Akasema haidhuru, ila ile ilikuwa ya chungwa. Baadaye kidogo nami nikachukua moja, ya kwanza maishani mwangu, nikaitafuna kwa meno uliyonipa. Tulikaa hivyo mpaka kopo likabaki na chache, tukamwekea Mlinzi.

Shule zitafunguliwa na msimu utapungua. Mlete mkeo. Atalala chumbani kwangu, na wewe utalala jikoni chini ya paa linalovuja, kwa kunificha. Mwambie kazi yake nimeiona. Mwambie pia ile ya njano tangawizi imezidi, apunguze.

Shangazi yako